Ambedkar: Mwanasheria wa India aliyetafuta usawa katika mafundisho ya Budha

Tarehe 14 Oktoba 1956, katika mji wa Nagpur ulioko katikati ya India, mwanasheria mwenye umri wa miaka 65 alisimama mbele ya mtawa mzee wa Kibudha akaipokea dini mpya pamoja na mkewe. Kisha aliugeukia umati wa watu laki kadhaa, wengi wao wakiwa wamevaa nguo nyeupe, akawaongoza kufanya vivyo hivyo. Mtu huyo alikuwa Bhimrao Ramji Ambedkar, na uamuzi wake ulikuwa umemchukua miaka 21.

Ambedkar alizaliwa tarehe 14 Aprili 1891 huko Mhow, mji wa kambi ya jeshi alikokuwa akitumikia baba yake. Familia yao ilitoka katika jamii ya Mahar, mojawapo ya jamii zilizoitwa za wasioguswa, kwa kuwa iliaminika kwamba kuwagusa humtia mtu najisi. Shuleni aliketi peke yake juu ya gunia alilolibeba kutoka nyumbani na kurudi nalo jioni. Hakuruhusiwa kufungua bomba la maji. Alipopatwa na kiu alimsubiri mhudumu wa shule amfungulie, na siku ambayo mhudumu hakuwepo, mtoto alishinda na kiu.

Elimu ilimfikisha mbali. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, kisha London, akapata shahada za juu za uchumi na kufuzu uwakili. Hata hivyo, aliporejea mwaka 1917 kumtumikia mtawala wa Baroda aliyemlipia masomo, matarishi walimrushia mafaili kutoka mbali ili wasimguse. Mjini humo hakupata nyumba ya kupanga, akalazimika kuondoka.

Tarehe 20 Machi 1927 aliongoza maelfu ya watu hadi bwawa la Chavdar katika mji wa Mahad, wakachota maji na kunywa. Baraza la mji lilikuwa limekwisha kuruhusu bwawa hilo litumiwe na wote, lakini ruhusa ilibaki katika karatasi. Siku hiyo wenzake walipigwa, na watu wa matabaka ya juu wakafanya ibada ya kulitakasa bwawa. Kesi iliyofuata ilidumu hadi mwaka 1937, Mahakama Kuu ya Bombay ilipotoa hukumu ya kuwaunga mkono wasioguswa.

Miaka miwili kabla ya hukumu hiyo, Ambedkar alikuwa ametangaza huko Yeola kwamba hatakufa akiwa Mhindu. Viongozi wa Waislamu, Wakristo na Masingasinga walimkaribisha. Yeye alichukua muda mrefu kusoma na kupima, na mwishowe akaichagua njia ya Siddhartha Gautama, anayejulikana kwa jina la Budha, aliyezaliwa Lumbini, katika nchi ambayo leo ni Nepal.

Msingi wa mafundisho ya Budha hauhitaji maneno mengi. Maisha yana mateso. Mateso yana chanzo, nacho ni tamaa isiyotosheka. Chanzo hicho kikiondolewa, mateso hukoma. Na iko njia ya kufika huko, yaani kuwa na fikra, maneno, matendo na kazi iliyo njema. Kwa mwumini wa kawaida, njia hiyo huanza na kanuni tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo. Mtu hupimwa kwa mwenendo wake, wala si kwa ukoo alikozaliwa.

Ambedkar aliyasoma mafundisho hayo kwa macho ya mtu aliyenyimwa maji. Aliona kwamba sehemu kubwa ya mateso hutokana na dhuluma ya mtu kwa mtu, hivyo kuyaondoa ni wajibu wa jamii na si wa mtu binafsi peke yake. Wabudha wengi wa mapokeo ya kale hawakukubaliana naye, hasa alipotilia shaka kwamba zile kweli nne zilikuwa sehemu ya mafundisho ya awali ya Budha.

Wakati huohuo alikuwa mtu wa serikali. India ilipopata uhuru mwaka 1947 aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria, na akaiongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba. Kifungu cha 17 cha katiba hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, kilipiga marufuku desturi ya kuwatenga wasioguswa. Mwaka 1951 alijiuzulu baada ya mswada wake wa kuwapa wanawake wa Kihindu haki za ndoa na urithi kukwama bungeni. Alikuwa amekwisha kutambua kwamba sheria huweza kulifungua bwawa, lakini haiwezi peke yake kubadili moyo wa anayekataa kuchota pamoja na jirani yake.

Mwezi mmoja baada ya tukio la Nagpur, ingawa afya yake ilikuwa dhaifu, alisafiri hadi Kathmandu, Nepal, kuhudhuria mkutano wa Wabudha wa dunia. Huko alimlinganisha Budha na Karl Marx, akieleza kwamba wote wawili walitaka kukomesha unyonyaji, lakini Budha aliikataa njia ya mabavu. Tarehe 6 Desemba 1956 alifariki dunia mjini Delhi. Kitabu chake kuhusu Budha na mafundisho yake kilichapishwa mwaka uliofuata.

Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu Wabudha wapatao milioni 8.4 nchini India, zaidi ya robo tatu wakiwa katika jimbo la Maharashtra, ambako wengi ni wafuasi wa Ambedkar na vizazi vyao. Ubaguzi wa matabaka haujatoweka, na bado kuna vijiji ambako watu huzuiwa kuchota maji kisimani kwa sababu ya kuzaliwa kwao. Hata hivyo, kila mwaka umati mkubwa hurudi Nagpur kukumbuka siku ile, na kurudia kanuni tano ambazo hazimwulizi mtu yeyote jina la ukoo wake.