Seyyid Majid: Mwasisi wa Dar es Salaam aliyeacha mahame

Na Mwandishi Wetu

JUA linapozama nyuma ya maghorofa ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, na wafanyakazi wa maofisini wakikimbilia mabasi ya mwendokasi, barabara ya Sokoine huingiwa na ukimya ambao wakazi wengi wa jiji hili hawaufahamu. Ndiyo saa ambayo mtu aliyelelewa Pwani, akipita kando ya jengo kongwe lenye kuta nene za matumbawe, huongeza mwendo na kusoma dua kimoyomoyo.

Imani hiyo ni ya kale. Watu wa Pwani husema nyumba iliyohamwa haikai tupu. Binadamu wakitoka, wenyewe wengine huingia. Huko Zanzibar, jumba la Mambo Msiige, lililojengwa katikati ya karne ya 19, husimuliwa hadi leo kuwa ndani ya kuta zake walizikwa watumwa wakiwa hai. Katika miji ya kusini mwa Marekani, kama Savannah na Charleston, masimulizi ya aina hiyo yamegeuzwa biashara, na watalii hulipa ili watembezwe usiku kwa miguu kutoka jumba moja linalosemekana lina mizimu hadi jingine.

Dar es Salaam ikitaka kuanzisha matembezi hayo haina haja ya kubuni hadithi. Jiji lenyewe lilianza kama ndoto ya mtu mmoja, likasinyaa alipofariki, na majumba yake yakakaa magofu kwa miaka mingi kabla ya kupata uhai mpya. Mtu huyo ni Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar.

Majid alizaliwa mwaka 1834 hivi, mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala aliyehamisha makao yake kutoka Muscat kuja Zanzibar. Hakuwa na afya njema. Tangu ujanani alisumbuliwa na maradhi ya kifafa, na wengi hawakumtarajia kushika madaraka makubwa. Lakini kaka yake Khalid, aliyekuwa akiandaliwa kumrithi baba yao upande wa Afrika, alifariki mwaka 1854. Hivyo Seyyid Said alipokata roho baharini Oktoba 1856, akirejea Zanzibar kutoka Oman, Majid ndiye aliyekalia kiti. Alikuwa na umri wa miaka 22 hivi.

Kiti hicho hakikuwa na raha. Mdogo wake Barghash, aliyekuwamo katika jahazi lililoleta maiti ya baba yao, alijaribu kunyakua utawala usiku uleule wa mazishi, akashindwa. Mkubwa wake Thuwaini, aliyebaki akitawala Muscat, naye aliidai Zanzibar. Mwaka 1859 Barghash aliasi waziwazi na kujichimbia katika shamba la Marseilles kisiwani Unguja. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwa dada yao Salme, binti wa miaka 15 aliyejua kuandika, ambaye aliwaandikia waasi barua zao. Majid aliwashinda kwa msaada wa askari wa manowari ya Uingereza, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay kwa miaka miwili. Salme hakuadhibiwa. Huyo ndiye ambaye mwaka 1866 aliondoka Zanzibar kwa siri na baadaye kujulikana duniani kwa jina la Emily Ruete.

Ugomvi na Muscat ulimalizwa mwaka 1861 na Waingereza waliokuwa wakitawala India. Zanzibar ikatengwa na Oman, kwa sharti kwamba Majid ailipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Kuanzia hapo Majid alikuwa sultani kamili, lakini sultani mwenye deni, mwenye ndugu wasiomtakia mema, na mwenye mabalozi wa mataifa makubwa wakimchungulia dirishani.

Huenda hilo ndilo lililomfanya aitazame bara. Kusini mwa Bagamoyo kulikuwa na kijiji cha Mzizima, chenye wakazi wa Kishomvi na majirani zao Wazaramo, karibu na bandari yenye kina kirefu iliyokingwa na upepo. Katikati ya miaka ya 1860 Majid aliagiza ujenzi uanze. Alitaka mji mpya wa kupokea misafara ya pembe kutoka bara na kuvuta biashara, mahali ambapo angepumua mbali na fitina za Unguja. Aliuita Dar es Salaam, jina linalotafsiriwa na wengine kuwa nyumba ya amani na wengine kuwa bandari ya salama.

Jumba la kifalme likainuka ufukweni, likifuatwa na nyumba za wageni, za maofisa na za wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi waliokaribishwa kuhamia. Mwaka 1867 Majid alifanya karamu katika mji wake mpya na kuwaalika mabalozi wa mataifa ya nje waliokuwapo Zanzibar. Ilionekana kama nyota yake imewaka.

Lakini nyumba ya amani haikujengwa kwa amani. Katika miaka hiyo makumi ya maelfu ya watumwa walipitishwa Zanzibar, na ushuru wa biashara hiyo ulikuwa sehemu ya mapato ya Sultani. Watumwa pia ndio waliofyeka vichaka, wakachoma chokaa, wakabeba mawe ya matumbawe na kupanda minazi kuzunguka mji. Majina ya mabalozi walioalikwa karamuni yaliandikwa. Majina ya waliobeba mawe hayakuandikwa.

Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Zanzibar na kuua watu wengi mno hadi mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 1870, Oktoba, Majid alifariki akiwa na miaka 36 hivi. Masimulizi yanayokubalika na wengi yanaeleza kwamba alianguka ndani ya jumba lake jipya la Dar es Salaam na hakupona majeraha yake. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi nyumba aliyoijenga kutafuta salama ndiyo iliyomtoa uhai.

Aliyemrithi alikuwa Barghash, nduguye aliyemwasi. Barghash hakuwa na sababu ya kuitunza ndoto ya Majid. Fedha zikarudi Zanzibar, mafundi wakaondoka na nyumba ambazo hazijamalizika zikaachwa zilivyo. Wazungu waliopita hapo katika miaka ya 1870 walikuta kuta zilizopasuka, paa zilizobomoka na vichaka vikiota katikati ya njia. Wavuvi, wakulima na wenye maduka wachache hawakuondoka, lakini mji wa Majid ulikuwa umegeuka mahame.

Uhai ulirudi Wajerumani walipofungua kituo chao mwaka 1887 na, miaka minne baadaye, kuufanya mji huo makao makuu ya koloni lao. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa wa Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5.3.

Jumba la kifalme halipo tena. Hata hivyo, anayetaka kumtafuta Majid kwa miguu bado anaweza kumpata. Aanzie Atiman House, katika barabara ya Sokoine, nyumba iliyojengwa miaka ya 1860 kwa ajili ya masuria wa Sultani. Baadaye ilichukuliwa na mapadri wa White Fathers, na ikapewa jina la Adrian Atiman, Mwafrika aliyetekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, kisha akawatibu watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi alipofariki mwaka 1956. Nyumba ya bwana imebeba jina la aliyekuwa mtumwa.

Kutoka hapo, mwendo wa dakika chache humfikisha Boma la Kale, kwenye makutano na barabara ya Morogoro. Jengo hilo la miaka ya 1866 na 1867, lenye mlango wa nakshi za Kizanzibari, lilikuwa la wageni wa Sultani, kisha likatumiwa na watawala wa Kijerumani na wa Kiingereza. Katika miaka ya 2010 lilikarabatiwa na kufunguliwa kuwa kituo cha urithi wa usanifu majengo.

Akifuata barabara ya Morogoro na kukata kushoto, ataishia Kariakoo, penye kelele za makuli na wauza mitumba. Siku za Majid pale hapakuwa na soko wala mtaa. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao maelfu yao walikufa kwa njaa na maradhi, nao pia wengi bila kuandikwa majina.

Majid aliacha mtoto mmoja tu, binti aitwaye Khanfora. Mumewe, Hamoud bin Mohammed, ndiye sultani aliyetia saini amri ya mwaka 1897 iliyoondoa uhalali wa utumwa Unguja na Pemba.

Majengo ya Majid yaliyosalia yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kila mwaka maghorofa yanayasogelea. Yakibomolewa, hakutabaki ukuta ambao mtoto wa Dar es Salaam anaweza kuugusa na kuambiwa kuwa mji wake ulianzia hapo, nani aliuagiza, na kwamba waliobeba mawe yake walikuwa watu wenye majina, ingawa hakuna aliyejali kuyaandika. Anayeogopa mizimu ya barabara ya Sokoine na aianze dua yake kwa hao.