Padri Gregor Mendel na Njegere Zake

Johann Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, katika nchi inayoitwa leo Cheki. Baba yake alikuwa mkulima, naye alimfundisha mtoto kutunza miti ya matunda.

Mwaka 1838 gogo lilimwangukia baba, na tangu siku hiyo hakuweza tena kulima vizuri. Johann alikuwa na miaka 16, naye alikuwa akisoma mbali na kwao. Fedha zilikosekana, mara nyingine hata chakula. Ndipo Theresia, dada yake mdogo, alipotoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake, ili kaka aendelee na masomo. (Huko kwao mali ilitoka kwa wazazi wa binti, si kama kwetu, ambako mwanaume ndiye anayepeleka mbuzi.) Mendel hakusahau. Baadaye aliwasaidia wana watatu wa Theresia katika masomo yao.

Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Waagustino mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Mwaka 1847 akapata upadri. Alifundisha shule, lakini mtihani wa ualimu wa mwaka 1850 ulimshinda. Wakubwa wake wakamtuma kusoma Vienna. Mwaka 1856 akajaribu mtihani tena, asifaulu. Mwaka ule ule alianza kazi ya njegere katika bustani ya monasteri.

Ua la njegere hujizalisha kwa vumbi lake lenyewe. Mendel alilifungua kabla halijakomaa, akaondoa vishika-vumbi, akalipaka vumbi la mche mwingine, kisha akalifunika kwa mfuko mdogo ili wadudu wasiliharibie kazi. Hivyo alichanganya miche mirefu, yenye kumpita mtu kimo, na mifupi isiyofika nusu mita. Je, watoto wao walikuwa wa kimo cha katikati? Hapana, wote walikuwa warefu. Akawaacha wajizalishe wenyewe. Wajukuu walikuwa 1.064: warefu 787, wafupi 277. Ufupi haukupotea, ulikuwa umejificha tu.

Gawanya 787 kwa 277, utapata karibu 3. Kwa nini? Mendel alifahamu kwamba kila mche una alama mbili za kimo, moja ya baba na moja ya mama, nao humpa mtoto alama moja tu. Shika katika kila mkono haragwe jekundu na jeupe. Jekundu ni urefu, jeupe ni ufupi. Toa moja kila mkono. Njia ni nne: jekundu na jekundu, jekundu na jeupe, jeupe na jekundu, jeupe na jeupe. Palipo na jekundu, hata moja, mche ni mrefu.

Aliwasomea wataalamu wa Brno habari hizo mwaka 1865, lakini wachache walizijali. Mwaka 1868 akawa abate, na shughuli zikamnyima nafasi ya bustani. Alikufa tarehe 6 Januari 1884. Mwaka 1900 tu wataalamu watatu wa Ulaya walikuta jambo lile lile, wakaona kwamba padri amewatangulia.

Hapa Kongo alama hizo zilionekana katika michikichi. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, wa kituo cha Yangambi kando ya mto Kongo, walieleza kwamba mchikichi wa kokwa yenye gamba nene, ukichanganywa na ule usio na gamba, huzaa miti ya gamba jembamba, yenye mawese mengi. Hapa alama haijifichi. Lakini mkulima wa Beni akipanda mbegu za miti miwili ya gamba jembamba iliyochanganywa, katika kila miche minne atapata karibu mmoja wa gamba nene, miwili ya gamba jembamba, na mmoja usio na gamba, ambao mara nyingi hauivishi matunda.