Daktari Garnham na Siri ya Ini

Wakazi wa Kilosa wanaijua vema homa ya malaria, hasa masika yanapojaza madimbwi ya bonde la mto Mkondoa. Wilayani humo imo Hifadhi ya Mikumi, yenye nyani na kima wengi. Ni jamaa za wanyama hao, huko Kenya, waliosaidia kufunua siri ya ugonjwa huo.

Percy Garnham alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1901. Mwaka 1925 alikuja Kenya kuwa daktari wa serikali, akakaa zaidi ya miaka ishirini.

Siku hizo jambo moja liliwatatiza wataalamu. Laveran, Mfaransa, alikuwa ameviona vimelea vya malaria katika damu mwaka 1880, naye Ross akavikuta ndani ya mbu mwaka 1897. Lakini mtu akisha kuumwa na mbu mwenye vimelea, damu yake huonekana safi karibu wiki nzima. Je, vimelea hujificha wapi? Mwaka 1903 Mjerumani Schaudinn alidai kwamba huingia moja kwa moja katika chembe nyekundu za damu. Alikosea, lakini kwa kuwa alikuwa na sifa kubwa, alisadikiwa kwa zaidi ya miaka arobaini.

Garnham alipasua maini ya kima wa Kenya, akaona madoa meupe. Ndiyo yaliyokuwa makazi ya kimelea aliye ndugu wa yule wa malaria. Baada ya kurudi London mwaka 1947, yeye na Henry Shortt walimweka kima mmoja wa Asia aumwe na mbu wapatao 500. Siku ya saba walilichunguza ini lake. Vimelea vilikuwamo! Mwaka 1948 mtu mmoja alijitolea kuumwa na mbu, kisha akakatwa kipande kidogo cha ini. Humo pia vilionekana.

Ndani ya ini kimelea kimoja huzaa maelfu, ambavyo hutoka na kuvamia damu. Chembe nyekundu zinapopasuka, chuma kilichomo huifanya oksijeni kuwa kali, ikaunguza seli. Ini, ambalo husafisha mabaki hayo, huweza kuvimba na kuumia.

Hata uzeeni Garnham hakuiacha hadubini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba vimelea vya aina fulani hulala ndani ya ini kwa miezi mingi, kisha huamka na kumrudishia mtu homa. Alifariki mwaka 1994.