Naamani: Jemadari Mwenye Ukoma

Soma 2 Wafalme 5:1–19.

Naamani alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu, mtu mkubwa mbele ya bwana wake. Lakini alikuwa na ukoma. Neno la Kiebrania lililotumika hapa lilihusu magonjwa mbalimbali ya ngozi. Katika Israeli, mtu wa namna hiyo alikaa peke yake nje ya kambi (Law. 13:46). Naamani aliendelea na kazi, ingawa cheo hakikuuficha ugonjwa wake. Hata kijakazi wa nyumbani aliujua.

Kijakazi huyo alikuwa binti wa Israeli, aliyetekwa na Washami. Angeweza kufurahia aibu ya bwana wake, lakini alimwonea huruma, akaelekeza njia ya kumfikia nabii. Naamani akaenda na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Elisha hakutoka kumlaki. Alituma mjumbe tu, kwamba aoge mara 7 katika Yordani. Jemadari akaghadhibika. Watumishi wake wakamsihi, wakimwita baba. Akashuka mtoni, na ngozi yake ikawa kama ya mtoto mdogo.

Kisha akarudi kazini, kwa mfalme yule yule aliyeuegemea mkono wake, lakini sasa akiwa mwabudu wa Bwana peke yake.

Tafakari: Je, kazini kwako yupo mtu ambaye wengine wanakwepa kumpa mkono kwa sababu ya ngozi yake? Juma hili utamtendea nini ili aione huruma ya yule binti?