Tharia Topan na Forodha ya Unguja

Tharia Topan alizaliwa Kutch, India, mwaka 1823, akaja Unguja angali mdogo. Alifanya kazi katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi, kisha akajipatia mtaji wake mwenyewe. Kabla mabenki ya kigeni hayajafungua milango Unguja, mikopo ya matajiri kama yeye ndiyo iliyogharimia misafara ya bara, ikiwamo ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Deni lililipwa kwa pembe za ndovu; lakini misafara hiyo iliandamana pia na utekaji wa watu.

Mwaka 1876, katika enzi ya Sayyid Barghash, Topan alikodishwa forodha, ambayo baadaye ilirudi kwa nyumba ya Shivji. Kwa kipindi hicho, mkopeshaji ndiye aliyekuwa mtoza ushuru wa dola.

Mwaka 1887 liliwekwa jiwe la msingi la hospitali aliyoifadhili huko Malindi. Alifariki mwaka 1891, jengo halijakamilika; mjane wake akaiendeleza kazi hiyo. Zahanati hiyo ya ghorofa, yenye roshani za mbao zilizonakshiwa, ni ushahidi wa ukarimu wake, na vilevile wa biashara iliyoulipia.