Frank Hornby, mtu wa buloni na ekru

Sisi wa ateliye tunajua hili: lokomotivu inaweza kulala siku mingi juu ya piesi moja yenye kuenea mu kiganja. Reli ni nzima, motere ni nzima, watu wako, lakini ile piesi haiko. Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyetia fikira ya piesi za kubadilisha ndani ya michezo ya watoto, mpaka treni zake ndogo zikajulikana dunia nzima.

Frank Hornby alizaliwa tarehe 15 Mei 1863 mu Liverpool, mji wa bandari kule Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Shule aliiacha akiwa na miaka 16, na hakusomea uenjenieri hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuandika vitabu vya hesabu kwa tajiri mmoja, David Elliott, aliyekuwa anaingiza nyama toka inchi za inje. Tunasema hivi mapema juu watoto wetu wengi wanawaza kama mashini ni mambo ya wenye diplomu tu.

Mangaribi, akiisha kutoka kazini, alikuwa anakata bati nyumbani ili kutengenezea vijana wake, Roland na Douglas, vitu vya kuchezea: madaraja, magari, mashini za kunyanyua mizigo. Shida ilikuwa kwamba kila kitu kilidai piesi zake. Watoto wakichoka nacho, piesi zinakufa nacho. Pale njo akapata wazo: vipande vyote vya bati viwe na matundu yenye kulingana, umbali wa nusu inchi, karibu milimita 13, na vyote vikamatwe na buloni ya namna moja. Kipande cha daraja cha leo, kesho kinakuwa mkono wa mashini. Ni jambo rahisi, ukiisha kulisikia.

Mwaka wa 1901 alitaka karatasi ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Feza hakuwa nayo, patron wake akamkopesha pauni 5, akampa na fasi ya kufanyia kazi. Patron sawa ule hawako wengi. Lakini tuseme yote: Elliott aliingia mu biashara kama mshirika, hakutoa bure.

Mwaka wa 1907 mchezo ukapata jina Meccano, na mwaka wa 1914 kiwanda kikubwa kikajengwa ku Binns Road, palepale Liverpool. Wengi wa wale waliofanya kazi humo walikuwa wanawake na wasichana. Hornby ameandikwa sana, mikono ya wale banamama imeandikwa kidogo.

Treni zilikuja 1920. Zilitembea kwa resori ya kufungwa na ufunguo, juu ya reli zenye umbali wa milimita 32. Uzuri wake haukuwa mwendo. Lokomotivu yenyewe ilishikwa kwa buloni na ekru, sawa Meccano. Mtoto akikamata turnavisi, anaifungua yote mezani, na anairudisha. Gurudumu likivunjika, kulabu ya kukamatisha behewa ikipinda, hakuna haja ya kutupa treni. Unanunua ile piesi moja, unaifunga, na inaingia bila kupiga tupa, kwa sababu imetoka mu kipimo kilekile na ya kwanza.

Lakini zilikuwa za bei. Nyuma yake kiwanda kilitoa treni zingine za bei ya chini, na zile bati zilishikwa kwa ndimi ndogo zilizokunjwa, si kwa buloni. Kunjua ulimi wa bati mara mbili, mara tatu, unakatika. Kwa hiyo mtoto wa masikini alipata treni, mlango wa kuingia ndani ukafungwa. Hatumlaumu kabisa, maana bila hivyo wengi wangeiangalia tu ku vioo vya maduka. Lakini tunaona kilichopotea: mtoto aliyefungua mashini kwa mkono wake haiogopi tena akiwa mkubwa.

Hornby alitajirika sana. Mwaka wa 1931 alichaguliwa kuwa depite wa Everton kwa chama cha Conservative, ambacho si chama cha sisi watu wa sendika, akaacha bunge mwaka wa 1935. Alikufa tarehe 21 Septemba 1936, na miaka 73.

Kiwanda cha Binns Road kilipita mikononi mwa wenye mali wengine, kisha kikafungwa Novemba 1979. Wafanyakazi walipewa habari siku ileile. Wakakataa kutoka, wakakikalia kwa miezi, lakini hakikufunguliwa tena. Treni za 1920 zingali ziko, mu manyumba ya watu wanaozipenda. Kuna mafundi wanaotengeneza upya magurudumu na kulabu zake kwa kipimo cha zamani, na zinaingia.