Bwana Parker na Kalamu za Wino

George Parker alizaliwa Marekani mwaka 1863. Alipokuwa mwalimu wa telegrafu mjini Janesville, aliwauzia wanafunzi wake kalamu za wino; kumbe zinavuja! Hakuwakimbia, bali alizitengeneza moja moja, hata akaona heri aunde yake. Mwaka 1894 alipata hati ya uvumbuzi wa mrija uliopinda, urudishao wino tumboni kalamu ikiwa mfukoni. Mashati mengi yalipona.

Kiwanda chake kilitoa wino wa Quink mwaka 1931, uisafishao kalamu ikiandika; na mwaka 1933 Vacumatic, ambayo ubavu wake hupitisha nuru, ukaona wino uliobaki. Sisi watu wa mitihani twaijua faida yake! Lakini ukiitia wino unaoganda, ubavu huingia ukungu, usione kitu. Parker alifariki mwaka 1937.